Namna ya kumtafuta Mjerumani aliyehama, ukiwa hapa hapa Mombasa

Wiki haiishi bila mtu kunishika pale kwa muuza kahawa Makadara akaniuliza, we si ndo yule wa mambo ya Wajerumani, hebu nisaidie, kuna bibi yetu babake alikuwa Mjerumani, ama kuna kaburi la mzungu kule kwetu, ama mwanangu yuko chuo ataka kuandika kuhusu wamishonari. Mie si profesa. Nlienda Hamburg kusoma nikakaa miaka saba, huko ndo nikaingia kwenye historia ya uhamaji wa Wajerumani, na sai niko Kisauni, kazi ni ile ile ya kufukua makaratasi ya watu waliokufa. Nimechoka kueleza jambo moja mara ishirini na kahawa yangu yapoa, kwa hivyo naandika hapa, anayetaka asome.

Nlivyoingia kwenyewe nliingia kwa hasira. Sisi watu wa pwani jina letu ni msururu, langu, la baba, la babu, hakuna cha jina la ukoo, na babu yangu ni Shee. Ofisi moja huko (siitaji) ikachukua lile la mwisho ikalifanya la ukoo, basi kijana wa miaka 24 nikawa naitwa Bwana Babu kila ninapoingia, halafu karani aliyenihudumia akaandika Schee manake Mjerumani sauti ya "sh" huiandika "sch", mkono washaizoea. Benki nina Shee, ofisini nina Schee, bima wameandika jina la baba. Miezi minne nafuata herufi moja. Siku moja nimekaa kwenye foleni na kikaratasi changu cha namba nikajiuliza, hawa wenyewe walipokuwa wakihama, majina yao huko walikokwenda yalifanywaje? Kumbe yalifanywa vile vile. Müller alishuka Marekani akaandikwa Mueller, wanawe wakawa Miller. Köhler akawa Kohler, wale nukta mbili juu ya herufi wakabaki baharini.

Kwa hivyo kabla hujafungua laptopu shika hili: jina lililoko kwenye karatasi ni la karani, si la mwenyewe. Karani husikia kwa sikio la kwao akaandika. Ukitafuta jina kwa namna moja tu ya kuliandika hupati kitu, utasema hayuko, na yuko. Kaa chini na kalamu uandike namna zote unazoweza kufikiria, ü iwe ue ama u tupu, ö iwe oe, ß iwe ss, Schmidt iwe Schmitt, Schmid na Schmied. Na sehemu zetu pia ni hivyo hivyo. Wajerumani wa zamani Mombasa waliandika Mombas ama Mombassa, Zanzibar kwao ni Sansibar, Kilimanjaro ni Kilimandscharo, Wachagga ni Dschagga, na Rabai Mpya utaikuta Rabbai Mpia. Mtu aitwaye Juma mtafute kwenye Dschuma, manake kwao herufi j husomwa y. Mimi hii ilinichukua kama mwaka kuing'amua na wewe nimekupa bure.

Nliposoma zaidi nikaona hata kwao, walioandika historia hii mwanzo walikuwa wahamiaji wenyewe. Friedrich Kapp, mzaliwa wa Hamm mwaka 1824, alijiingiza kwenye mapinduzi ya 1848 yakashindwa, mwaka 1850 akahamia New York akawa wakili, na baadaye akawekwa kwenye tume iliyosimamia wahamiaji wakati ule wanashukia Castle Garden, kituo cha kupokea wageni kule New York, kabla ya kile cha Ellis Island kufunguliwa mwaka 1892. Yaani mchana anaona watu wanashuka melini wamedhoofu, usiku anaandika historia ya Wajerumani wa New York. Mwengine ni Heinrich Rattermann, aliyefika Cincinnati, Marekani, mwaka 1846 akiwa kijana wa miaka 14 hivi, mkate wake ukawa biashara ya bima, lakini aliendesha jarida la kila mwezi la kukusanya kumbukumbu za wazee waliofika mwanzo kabla hawajafa nazo. Sijisawazishi nao, nasema tu kwamba mtu aliyewahi kushika kikaratasi cha namba kwenye foleni ya wageni anajua pa kuangalia.

Haya, tuanze. Chagua mtu mmoja. Si "Wajerumani". Wajerumani ni bahari, zaidi ya milioni 5 waliingia Marekani pekee karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na kabla yao kuna zile familia 13 za mji wa Krefeld zilizofika Pennsylvania mwaka 1683, na wale walioitwa Urusi na malkia wa huko, Katarina wa Pili, mwaka 1763 wakakae ukingo wa mto Volga (na yeye mwenyewe Katarina alizaliwa Mjerumani, kwa hivyo alikuwa awaita watu wake). Ukisema utasoma yote utasoma mpaka macho yaingie ukungu na hutaandika ukurasa. Mtu mmoja, jina moja, halafu mfuate aendako.

Ukiwa Mombasa na huna wa kwenu, wa kujifunzia yuko tayari, ni Krapf yule mmishonari. Johann Ludwig Krapf, kazaliwa Derendingen karibu na Tübingen mwaka 1810, kafika Mombasa 1844. Shuka Kengeleni uende kwa miguu ama tuktuk upande wa Mkomani, kule kwenye mnara wake na makaburi, ambapo amezikwa mkewe Rosine aliyekufa Julai mwaka huo huo wa 1844, na mtoto wao mchanga naye hakuishi. Simama hapo kidogo. Miezi michache tu tangu wafike na mwanamume kabaki peke yake na mji hauna hata mtu mmoja wa kuzungumza naye lugha ya kwao. Halafu siku nyengine panda matatu ya Mazeras, hapo chukua boda mpaka Rabai, kuna makumbusho ya huko kwenye kanisa la zamani, na ndo alipofanya kazi mwenzake Johannes Rebmann wa Gerlingen aliyefika 1846 na akauona Kilimanjaro Mei 1848, akarudi Ulaya 1875 akiwa kipofu. Miaka 29! Huyo usimwambie ni mgeni.

Sasa sikiliza mtego, manake mimi nliuingia mzima mzima. Nlipofika Hamburg jambo la kwanza nlikimbilia orodha za abiria wa meli nikamtafuta Krapf. Siku mbili. Krapf, Krapff, Kraft, Krapp, hakuna. Aliyeniamsha ni mama mmoja wa kwenye maktaba aliyenitazama kama mtu anayetafuta samaki juu ya mnazi, akaniambia kijana, orodha hizi zaanza 1850, mtu wako alishafika kwenu 1844. Na hata zingeanza mapema nisingempata, alikuja kwa upande wa Ethiopia, hakupanda meli Hamburg. Kisha nikatafuta barua zake Ujerumani nzima, na barua nyingi za kazi yake ziko Birmingham, Uingereza, manake jumuiya iliyomtuma yeye na Rebmann ilikuwa ya Kiingereza. Makaratasi humfuata aliyelipa mshahara. Hayafuati alikozaliwa mtu. Ukimtafuta mfanyabiashara tafuta kampuni yake, ukimtafuta askari tafuta jeshi, mmishonari tafuta waliomtuma. Na mkewe Rosine watu wote hapa wamwita Mjerumani, alikuwa mtu wa Basel, Uswisi.

Hizo orodha za Hamburg zenyewe ni mali, usizidharau. Ni za kuanzia 1850 hadi 1934, na kila abiria ameandikwa jina, umri, kazi, alikotoka na anakokwenda, hiyo safu ya alikotoka ndo dhahabu kwa sababu Marekani mara nyingi waliandika tu "Ujerumani" basi. Zilishapigwa picha zapatikana mtandaoni. Bremen walikuwa na zao pia na watu walipita kule kwa wingi kuliko unavyodhani, lakini makarani walikuwa wakizitupa za zamani kwa kukosa nafasi, zilizobaki zikaangamia kwenye vita, zilizosalia ni za 1920 hadi 1939 tu. Kwa hivyo ukiambiwa babu alipandia Bremerhaven, bandari ya Bremen, mwaka 1882 usipoteze bando, ruka uende kwenye vitabu vya kanisa.

Na kuna waliokuja kwetu kwa meli. Kampuni ya meli ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianzishwa Hamburg mwaka 1890 na meli zake zilitia nanga Mombasa, hata Roosevelt wa Marekani alivyokuja kuwinda mwaka 1909 alishuka hapa kutoka meli yao moja, Admiral. Kwa mambo ya Lamu na Witu, ambako ndugu wawili akina Denhardt walipata mkataba na Sultani Ahmed Simba mwaka 1885 na Ujerumani ikatangaza ulinzi wake mpaka ikaiachia Uingereza 1890, mafaili ya koloni yako Berlin kwenye nyaraka za taifa. Ukifika Lamu pitia ile nyumba ya posta ya Wajerumani, ilifanya kazi 1888 hadi 1891, ni ndogo lakini yakupa picha.

Vitabu vya kanisa sasa. Hapa ndo watu wengi hukata tamaa na hapa ndo utamu ulipo. Kabla ya serikali kuanza kusajili watu, ambayo kwa dola nzima ya Ujerumani ilikuwa Januari 1876, vizazi na vifo viliandikwa na kasisi. Kwa hivyo lazima ujue kijiji na ujue dini, Mprotestanti ama Mkatoliki, manake vitabu viko mahali tofauti, vya Kiprotestanti vingi viko kwenye tovuti ya Archion na unalipia, vya Kikatoliki vingi viko kwenye tovuti ya Matricula na ni bure. Ukibahatika mtu wako awe wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani, kama akina Krapf, tangu 1808 kule waliweka daftari la familia, baba mama na watoto wote kwenye ukurasa mmoja, na aliyehama pembeni yake utakuta kasisi ameandika alikokwenda. Mara ya kwanza kuona neno "Amerika" limechomekwa pembeni ya jina la mtoto wa tano, wallahi nlihisi kama nimesikia mlango ukifungwa.

Lakini kusoma! Maandishi yale si haya yetu. Yaitwa Kurrent, na ndugu yake wa baadaye ni Sütterlin aliyefundishwa shuleni tangu 1915 mpaka akapigwa marufuku 1941. Herufi e yafanana na n, s ya katikati yafanana na f, h ina tumbo juu na tumbo chini, na u ni n tupu iliyowekwa kijikunjo juu ili wasichanganye. Mimi nlipata mtu ambaye kazi yake nikaisoma "Baner". Nikapekua kamusi, hakuna baner. Nikauliza wenzangu wa darasani, Wajerumani kabisa hawa, wakatazama wakasema hatujui, manake vijana wao pia hawayasomi. Nikakaa na neno lile usiku mzima na chai ya rangi mpaka macho yakazoea nikaona kijikunjo kidogo kimefifia juu ya ile n. Bauer. Mkulima. Neno analolijua mtoto wa chekechea. Kwa hivyo fanya hivi: chukua daftari la hesabu la miraba, jifunze kuandika herufi hizo kwa mkono wako, usijifunze kusoma peke yake, andika jina lako, la mamako, andika "mahamri na mbaazi" kwa Kurrent kama wataka, wiki mbili kila siku nusu saa. Mkono ukizijua jicho huzitambua. Hakuna njia ya mkato hapa, programu za simu zinazosoma maandishi ya mkono zipo na zasaidia, lakini zakosea kwenye majina hasa, na wewe jina ndo unalolitaka.

Neno jengine la kuweka kichwani ni "geb." Ukiliona baada ya jina la mwanamke maana yake alizaliwa na jina linalofuata, yaani la kwao kabla hajaolewa. Wanawake hupotea kwenye karatasi hizi kwa sababu ya kubadilisha jina, na hiyo herufi tatu na nukta ndo kamba ya kuwavutia nje. Mfano wetu ni Sayyida Salme binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyetoroka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg Heinrich Ruete mwaka uliofuata, na tangu hapo kwenye karatasi za Kijerumani ni Emily Ruete mpaka alipokufa Jena 1924. Asiyejua atapita hapo hajui amempita binti wa Unguja. Na msisahau wetu waliokwenda kule nao ni historia hiyo hiyo ya uhamaji, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin tangu 1900 na akafia huko huko 1927.

Sasa kwa wale wanaoniuliza kwa sauti ya chini, nawajua, wa Mtwapa na Diani na Ukunda, babangu Mjerumani alikuja kama mtalii na sijawahi kumuona. Hii si ya vitabu vya kanisa. Sheria yao ni kwamba cheti cha kuzaliwa hakifunguliwi kwa kila mtu mpaka ipite miaka 110, cha ndoa 80, cha kifo 30. Lakini mtoto, mke na mzazi wana haki ya kuomba kabla ya hapo, ila lazima uonyeshe undugu, yaani cheti chako cha kuzaliwa kiwe na jina lake. Kama hakina, hapo tafuta wakili, mimi sitakudanganya. Njia nyengine ni kwamba kule kila mtu hulazimika kujiandikisha anapoishi, na ofisi ya usajili ya mji yaweza kukupa anwani ya sasa ukilipa ada kidogo, bora uwe na jina kamili na tarehe ya kuzaliwa ama anwani yake ya zamani ili wajue ni yupi. Kwa hivyo usianze na intaneti, anza na mamako. Muulize kwa utaratibu, si kwa hasira. Bahasha ya zamani yenye stempu, picha yenye duka nyuma yake, kipande cha tiketi ya ndege. Kijana mmoja nlimsaidia, kilichompeleka ilikuwa jina la mtaa lililokuwa nyuma ya picha kwa penseli, na mama alikuwa nayo kwenye Msahafu miaka yote hiyo.

Na wazee wa Kijerumani wanaoishi hapa hapa, usiwaache mpaka wafe. Mtwapa nlimfuata mmoja, mzee wa zaidi ya miaka 80, kila mtu amjua kwa baisikeli yake. Aliniambia kwa simu nije "halb vier". Mimi na Kijerumani changu cha miaka saba nikasikia nusu na nne nikaja saa kumi na nusu, nikamkuta amekunja uso na keki imefunikwa. Halb vier ni nusu kabla ya nne yao, yaani saa tisa u nusu. Usirudie kosa hili, na kwao dakika ni dakika. Alipotulia nikamuuliza amekuja Kenya mwaka gani, nikidhani hiyo ndo hadithi. Akanyamaza, akasema, wauliza kuhama kwangu kwa ngapi? Kumbe alizaliwa Breslau, mji ambao sai ni Wrocław na uko Poland, na Januari 1945 akiwa na miaka sita mamake alimvika suruali tatu moja juu ya nyengine wakatoka kwenye theluji na hawakurudi tena. Mamilioni kama 12 ya Wajerumani walitoka ama walitolewa sehemu zile za mashariki. Ananisimulia suruali tatu na feni yazunguka na jasho latutoka sote wawili.

Kwa hivyo ukienda kwa mzee usianze na vita na usianze na kwa nini ulikuja Afrika, anza na alizaliwa wapi na huo mji sai waitwaje. Mwite kwa "Sie", ile "wewe" yao ya heshima, mpaka mwenyewe akuambie uache. Usiwashe rekoda siku ya kwanza. Siku ya pili omba ruhusa, weka simu mezani wazi aione, na ukitoka hapo nakili sauti hiyo mahali pawili kabla hujapanda matatu, manake simu za Mombasa mwazijua.

La mwisho ni barua kwa nyaraka zao. Andika fupi, kwa Kijerumani hata kama ni cha kuunga unga. Anza "Sehr geehrte Damen und Herren", yaani waheshimiwa mabibi na mabwana, sema unamtafuta nani, kazaliwa lini takriban na wapi, wataka nini hasa, na uulize gharama kabla hawajaanza kutafuta, kwa kuwa hutoza kwa muda wa kazi hata wasipopata kitu. Usieleze maisha yako. Swali moja kwa barua moja. Kisha subiri wiki sita, nane, usiwasumbue kila Ijumaa.

Juzi nimejibiwa moja kama hiyo, wamempata mtu wangu, picha za kurasa tatu safi kabisa, bei nzuri. Juu kabisa wameandika "Sehr geehrte Frau Schee", yaani mheshimiwa Bibi Schee. Nimeifaili hivyo hivyo.